Mwanya wa Kutengeneza

Agnesi alirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lugufu, alikokwenda kuuza dagaa, na kabla hajatua hata ndoo kichwani akasema, "Mdogo wangu, kaa chini. Kuna mtoto kule."

Veneranda alikuwa ameinama juu ya mchanga wa Bangwe akigeuza dagaa wapate jua upande wa pili. Hakukaa. "Mtoto gani?"

"Wa kike. Anaitwa Recho. Yuko kwenye nyumba ya watoto waliopotezana na wazazi. Wakimuuliza mama yako nani, anasema mama. Wakimuuliza yukoje, anasema ana mwanya. Basi, hana lingine."

Veneranda akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuuziba kwa mshangao tu. Tangu avuke ziwa kutoka Kongo alikuwa akiuziba kila aliposema na mtu, kwa sababu meno manne ya mbele, ya juu, hayakuwapo. Mwanya ule, ambao marehemu mumewe alidai ndio uliomfanya auze baiskeli yake ili aongezee mahari, ulibaki kwenye mchanga wa mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, siku askari walipoingia. Alikuwa anamkabidhi mwanawe kwa watu waliokwisha kupanda mtumbwi, kitako cha bunduki kikampata mdomoni. Mtumbwi ukaondoka na mtoto. Yeye alivushwa baadaye, hajitambui, na alipofika Kigoma wakamwambia mtumbwi ule ulizama. Alikaa matanga ya mwanawe peke yake, nyumbani kwa Agnesi, binti wa baba yake mkubwa aliyezaliwa huku huku Bangwe.

Recho alikuwa na miaka mitatu siku ile. Sasa alikuwa anakaribia sita. Usiione miaka hiyo kuwa michache. Kwa mtoto wa umri huo ni maisha mazima.

"Tunakwenda kesho," Agnesi akasema. Halafu akamtazama usoni, sauti ikashuka. "Ila nikwambie ukweli. Wamekwenda wanawake wengine pale, kila mmoja anasema mtoto ni wake. Wala si waongo wote, msiba umewachanganya tu. Mtoto anawatazama mdomoni, anatikisa kichwa. Na yule kijana Dismasi anayewatunza amesema hampi mtu mtoto mpaka mtoto mwenyewe akubali."

"Kwa hiyo niende na mdomo huu, anitikisie kichwa mimi mama yake?"

"Basi tuanzie hospitali," Agnesi akasema. Alitua ndoo.

Kesho yake, badala ya kwenda kambini, walikwenda hospitalini, na daktari wa meno akamwangalia kwa muda mrefu, akiminya ufizi kwa kidole. Alikuwa mwanamke mpole, mgeni mjini, na kosa lake lilikuwa moja tu: alipenda kueleza kila kitu. "Yapo siku hizi meno ya kupandikiza," alisema. "Mfupa wa taya unatobolewa, inatiwa skrubu ndogo ya madini yasiyoshika kutu. Miezi inapita, mfupa unaishika skrubu ile kama mzizi wa jino, ndipo jino linawekwa juu yake. Halitoki tena. Unatafunia hata mahindi ya kuchoma."

"Halitoki?" Veneranda akauliza.

"Halitoki."

"Mi naomba unitilie hayo, daktari."

Daktari akaona alichokifanya, akajuta. "Hapa hatuna, mama. Labda Nairobi, labda Ulaya. Na mfupa wako wenyewe ulivunjika ukaunga vibaya, umebaki mwembamba. Huku kwetu ninaweza kukutengenezea meno ya kuvaa na kuvua, vifaa vikifika. Ukilala unayavua, unayaosha."

Ya kuvua. Neno hilo lilimchoma Veneranda kuliko kile kidole cha daktari. Alijiona chumbani, anautoa mdomo wake na kuuweka kwenye bakuli, na mtoto amekaa mkekani anamtazama. Wala vifaa hakuvisubiri. Kesho yake alishuka Ujiji kwa Telesphory.

Telesphory alikuwa fundi wa meno mwenye meza yake ukutani karibu na soko, na juu ya meza hiyo kulikuwa na meno ya bandia ndani ya glasi, yakiwachekea wapita njia mchana kutwa. Alisema ufundi aliupata Bujumbura. Wenye husuda walisema Bujumbura alikuwa akitengeneza miwani. Lakini mikono yake ilikuwa mizuri, na kwa habari ya mwanya hakuhitaji kuelezwa, maana wanawake wa Ujiji wenye meno yao kamili walikuwa wakimwendea awachonge wapendeze.

"Mwanya wa kiasi gani, mama?"

Veneranda hakuwa na picha. Picha zote ziliungua. Alifumba macho, akakumbuka kwa ulimi, mahali ulimi ulipokuwa ukipenda kupumzika. "Chonga kidogo," akasema. Telesphory akachonga. Akajaribu. "Kidogo tena." Walikwenda hivyo mpaka adhuhuri, na ulimi ulipoingia mahali pake Veneranda akashika kioo, akajiona, akalia kwa sauti watu wa sokoni wakageuka.

"Sasa yagandishe," akasema.

"Hayagandishwi hayo. Yanavuliwa usiku, ufizi upumue. Ukiyaacha ndani utaoza."

"Yagandishe, Mzee. Mwanangu asije akaniona ninayavua. Akiniona tu, nimempoteza."

Telesphory alikataa. Alikataa tena. Veneranda akapiga magoti pale pale chini, mbele za watu, akamshika miguu. Ningependa kumlaumu yule mzee, na daktari alimlaumu baadaye kwa maneno makali, lakini niambie wewe ungefanyaje. Alichukua waya mwembamba, akaufunga kwenye meno ya pembeni, akaufunika kwa ute ule ule wa rangi ya waridi anaotengenezea fizi za bandia. Ulipokauka, meno yakawa hayasogei.

Huko kambini Dismasi alimtoa mtoto nje, amemshika mkono. Mtoto kanyolewa kichwa, kavaa gauni linaloburuza. Veneranda alimtambua kwa namna alivyokanyaga tu, miguu imeingia ndani kama ya baba yake. Lakini alikuwa ameapa hatalia mpaka mtoto auone mdomo.

Recho alisimama mbali kidogo, akatazama. Aliona kovu la mdomo, aliona mashavu yaliyobonyea. "Cheka," akasema.

Veneranda akacheka. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama kicheko kile. Mtoto aliutazama mwanya, akautazama tena, kisha akasogea taratibu akaegemea goti lake.

"Ni huyu," akamwambia Dismasi, na Dismasi akageuka pembeni kujipangusa macho. Akawapatia kibali waende Bangwe kwa ndugu yao.

Furaha ya Veneranda ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa ya kuibia ibia, kwa sababu haukupita muda ufizi ukaanza kuvimba. Alisukutua kwa maji ya chumvi. Aliacha ugali akawa anakunywa uji. Recho alikuwa mtoto mtulivu mno, anaitika kila anapoitwa, anakula anachopewa, anabeba maji bila kutumwa, na kila asubuhi akiamka kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa mdomo wa mama yake. Kwa ajili ya jicho lile Veneranda alikuwa tayari kuoza.

"Mdomo wako unanuka," Agnesi alimwambia. "Nakwambia kwa sababu nakupenda. Nenda wakayatoe."

"Sitaki."

"Utakufa, Veneranda! Halafu huyo mtoto atakuwa wa nani?"

"Nimesema sitaki."

Shavu likapanda mpaka jicho likafumba. Homa ikaja. Siku moja aliinama kugeuza dagaa asiinuke tena, wakamchukua hospitalini juu ya baiskeli, Agnesi anamshikilia upande mmoja, na Recho anakimbia nyuma, ameng'ang'ania ncha ya kanga ya mama yake, haachi.

Daktari alikata waya. Meno yakatoka na usaha, yakaangukia kwenye sinia ya bati, mwanya wake ukiwa mzima kabisa. Veneranda aligeuza kichwa mlangoni. Recho alikuwa amesimama pale, hakuna aliyekumbuka kumzuia, na alikuwa anatazama sinia.

Baadaye waliwaweka kwenye benchi la nje, Agnesi akaenda dirishani kusubiri dawa. Veneranda alijifunika kanga uso mzima. Alijua anapaswa kusema sasa hivi, kabla mtoto hajakimbia.

"Recho. Mimi ni mama yako. Meno yangu walinivunja, ndiyo maana fundi..." Akaanza kulia.

Mkono mdogo ukaingia ndani ya kanga, ukampapasa shavu lisilouma.

"Usilie," Recho akasema, kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Mi nilijuaka tu."

"Ulijua nini?"

"Kama we si mama. Mama yangu alikufa kwa maji. Batu bote ba mtumbwi balinambiaka." Aliyasema kwa upole, kama mkubwa anavyomweleza mdogo. "Lakini bale bengine balikuja banalia, banaogopesha. Weye ulinichekea. Nikasema ni weye, nitoke kule."

Veneranda alisahau mdomo wake, akafunua kanga. "Hapana. Hapana, mwanangu, sikiliza. Una alama begani, uliungua na uji, ulikuwa unatambaa. Mimi nilikuwa nikikuimbia..." Akaanza kuimba ule wimbo wa kumlaza, kwa mdomo uliojaa pamba na damu.

Recho alisubiri amalize. Alikuwa na adabu. "Ule mama aliyekuja wa kwanza kule kambini naye aliimbaka huo," akasema. "Na alama yangu kila mtu anaiona nikioga. Usiogope. Sitamwambia Dismasi. Usinirudishe tu."

"Sitakurudisha," Veneranda akasema.

Agnesi akatokea kwenye kona ya jengo, bahasha ya dawa mkononi. Recho alimwona wa kwanza. Aliruka chini kutoka kwenye benchi, akajinyoosha gauni.

"Mama!" akaita kwa sauti kubwa, watu wote wa kibarazani wasikie. "Mama, mama mkubwa analeta dawa yako!"

Kisha akamminya Veneranda kidole, kumhakikishia kwamba siri yao iko salama.