Kwao Sikujui

Ofisa wa uhamiaji aliilaza simu mezani na kufungua spika, ndipo Redempta akamsikia shemeji yake akimkana kwa sauti ileile ya upole anayosomea matangazo kanisani.

"Huyo ni mjane wa kaka yangu," alisema Eliufoo. "Anaishi hapa kijijini, ni kweli. Lakini kwao sikujui. Alitoka huko mkongeni."

Ofisa akashukuru, akakata simu. Hakumkaripia Redempta. Alimweleza taratibu kwamba ili avuke kuingia Kenya anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kwamba namba ya kitambulisho aliyokuja nayo haitoshi. Na kwamba jina la baba yake, Nkayamba, si la milima hii, hivyo lazima apatikane mtu wa kumdhamini anayeijua asili yake. Mwenyekiti wa kijiji, yaani Eliufoo, ndiye aliyetazamiwa, na mwenyekiti amesema hajui.

Binti yake Asteria alikuwa amelazwa Taveta, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, kidonda kikaingia usaha, mumewe yuko safarini na lori, na kichanga anapakatwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Toka hapa Same hadi Taveta ni mwendo wa asubuhi moja tu. Redempta alitoka nje akasimama juani.

Ndani ya gari la kupanda kijijini Myamba alikaa dirishani asione kitu. Alichokiona ni kambi ya mkonge, siku ile walipokuja kumposa. Hezroni, mumewe wa baadaye, alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, na ubavuni pake mdogo wake Eliufoo, kijana mwenye maneno mengi. Baba yake Redempta, mzee Gregori Nkayamba, alichinja mbuzi. Kiti kilikuwa kimoja, akakalishwa Eliufoo, akala akaomba mchuzi tena. Tangu hapo Redempta alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, akaimba nacho msibani na harusini, akaacha Kiha cha baba yake kife kinywani mwake bila kuombwa na mtu. Watu waliposahau alikotoka, yeye alidhani ndiko kupokewa.

Alimkuta Eliufoo nyuma ya nyumba, anaosha tangawizi.

"Karibu, shemeji. Umewahi kurudi."

Hakukaa. "Siku mliyokuja kuniposa, mlikuja wapi?"

Eliufoo alijifuta mikono kwenye suruali. Akaanza kueleza kwamba siku hizi mambo ni magumu. Kwamba mwenyekiti mwenzake alimdhamini mtu, baadaye ikasemwa kuwa ni mgeni, naye akaitwa akahojiwa kutwa nzima kama mwizi. Yeye ana watoto. Hakusema baya lolote. Alijihadhari tu.

"Na nilipokuwa namgeuza mama yako kitandani mpaka anakata roho," alisema Redempta, "nilikuwa natoka wapi, Eliufoo?"

Katika maisha yake yote ya ndoa na ya ujane hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Jikoni, mke wa Eliufoo aliacha kukoroga.

Eliufoo akaitoa simu mfukoni. Alisema yaishe, atampigia ofisa sasa hivi amwambie kwamba huyu ni Mpare, wa ukoo wao, mzaliwa wa Myamba. Nani atabisha?

Hapo ndipo Redempta alipohisi kweli amechomwa. Mtu huyu alikuwa tayari kutomjua, na alikuwa tayari kumgeuza mtu mwingine. Kile alichokijua ndicho kilichomshinda kutamka.

"Hutapiga simu," alisema. "Kesho utateremka na mimi, ukaseme kwa mdomo wako unachokijua."

Eliufoo akateremka. Asubuhi ile alivaa koti lake la ibada, na ofisa alipouliza alijibu akiitazama meza.

"Kwao ni kambi ya mkonge, hapa tambarare. Alizaliwa pale. Baba yake alitoka Kasulu." Akameza mate. "Nilikwenda kumposea kaka yangu. Nimekula kwao."

Ofisa alimuuliza kama yuko tayari kuyatilia saini maneno hayo. Akatia, polepole. Redempta alikuwa amedhani akiyasikia hasira itashuka. Haikushuka. Ilipata tu mahali pa kukaa, ikatulia humo kama mwenye nyumba.

Alasiri hati ilipotoka, Eliufoo alimsindikiza mpaka stendi. Akanyoosha mkono ampokee mfuko. Redempta akauhamishia bega la pili. Eliufoo akamwomba amsalimie Asteria. Redempta akapanda gari.

Mpakani hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani. Waligonga muhuri, wakamwita anayefuata.

Asteria alikuwa amekonda, lakini alipomwona mama yake alicheka huku machozi yakimtoka. Redempta alimchukua mtoto, akaomba beseni na maji ya kumwogeshea. Wakaongea habari za nyumbani: mvua, tangawizi, waliooa na waliozikwa.

"Na baba mdogo?"

"Mzima."

Asteria akamtazama usoni, akaona kitu, asikiulizie. Badala yake akauliza, "Utarudi lini nyumbani, mama?"

Redempta alichovya kiwiko kwenye beseni. Maji yalikuwa bado ya moto. Akaongeza ya baridi kidogo, akachovya tena.