Kasha Moja la Tisa-Tatu

Dishon Oyugi alikuwa akimwomba Mungu duka likose risasi. Aliomba akiwa amesimama kwenye ngazi za jengo moja mjini Kisumu, mkono mmoja ukutani, mwingine begani mwa mkewe Perez, na aliomba kwa bidii kuliko alivyowahi kuomba mvua. Mtu mzima wa miaka sabini na minne, askari wa wanyamapori mstaafu, ametoka Katito asubuhi na mapema kuja kununua kitu asichokitaka. Ukiuliza alifikaje hapo, lawama zote ni za mdomo wake.

Mambo yalianzia matangani. Kwa Wajaluo, muziki ukishapamba moto kwenye matanga, mtu huinuka, akasimamisha wapigaji, akaanza kujisifu. Kujisifu huko ndiko kunakoitwa pakruok. Unajisifu mpaka uridhike, watu wanacheka, muziki unaendelea, na hakuna mwenye akili timamu atakayekudai ushahidi kesho yake. Dishon alikuwa bingwa wa mchezo huo. Siku hiyo aliinuka na kusema, "Mimi ndiye Dishon, mwenye tisa-tatu! Kiboko akisikia nikikohoa anavuka ziwa kwenda kuomba kitambulisho Uganda!" Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga soda.

Tisa-tatu ilikuwa bunduki yake, iliyopewa jina la unene wa risasi yake, milimita tisa na nukta tatu. Aliinunua kwa halali kutoka kwa mkulima wa miwa wa Muhoroni aliyekuwa anahama nchi, na leseni yake aliitunza vizuri kuliko cheti cha ndoa.

Haukupita muda kiboko akatoka majini kweli. Aliingia kwenye mashamba ya sukuma wiki kando ya ziwa, huko kwao Nyakach, akala, akakanyaga, na asubuhi moja akamvunja mguu mama mmoja aliyeitwa Adongo, ambaye kosa lake lilikuwa kuwahi kumwagilia maji. Gordon, naibu wa chifu, akaitisha baraza. Huyu Gordon amezaliwa papo hapo, anajua pakruok ni kitu gani, lakini hofu ilikuwa imemfagia akili yote. Alisimama mbele ya watu akasema, "Shida iko wapi? Jaduong', mzee wetu, ametuambia mwenyewe kiboko inamuogopa." Watu wakapiga makofi. Ofisa wa wanyamapori alipopigiwa simu akakubali: angekuja na bunduki yake, na mzee angesimama naye kama mpigaji wa pili, kwa kuwa kazi hiyo ameifanya miaka mingi. Gordon mwenyewe angewashikia tochi.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo baraza zima halikulijua. Dishon alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia kwenye macho yote mawili, kidogo kidogo, miaka ikipita. Mchana aliona watu kama vivuli. Jua likizama hakuona kitu. Watu aliwajua kwa sauti, njia alizijua kwa nyayo. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu aliogopa kwamba wangeanza kwa kumnyang'anya bunduki, kisha fimbo ya kuongoza ng'ombe, na mwisho wangemweka kivulini na kumlisha uji.

Sasa alitakiwa asimame gizani na bunduki ya nyati mikononi, na watu mbele yake. Angeweza kuua mtu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, zaidi ya kiboko mwenyewe.

Alijaribu kujiokoa. "Bunduki iko tayari," aliliambia baraza, "lakini risasi ndio hakuna. Hizi zangu ziliisha zamani." Na ilikuwa kweli. Basi Gordon akamwambia kuna mtu Kisumu, Waliaula, anauza risasi kwa kibali cha serikali, aende kwake. Nauli ikatolewa hapo hapo, na mchungaji akawaombea safari njema.

Ndiyo sababu alikuwa anapanda ngazi zile akiomba duka likose.

Mlango wa chuma ulifunguliwa baada ya kengele. Waliaula alikuwa Mbukusu mwenye sauti ya upole, na chumba chake kilinuka mafuta ya bunduki. Harufu hiyo peke yake ilimtekenya Dishon moyo.

"Karibu Mzee, karibu Mama. Niwasaidie na nini?"

"Natafuta tisa-tatu," Dishon alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayetumaini hakusikika.

Waliaula alikohoa. "Tisa-tatu? Hapana, Mzee. Hiyo hakuna."

Dishon alijaa raha. Hakuna! Angerudi Katito akiwa na uso wa huzuni, aseme Kisumu nzima imekauka, na ofisa afanye kazi yake na watu wenye macho. Perez tayari alikuwa amemshika mkono wa koti, anamgeuza kuelekea mlangoni. Mtu mwenye busara angeaga na kuondoka. Lakini raha humlegeza mtu ulimi, na ulimi wa Dishon haukuhitaji msaada.

"Si ajabu," alisema. "Watu wa siku hizi hawaijui."

"Hawaijui kabisa!" Waliaula aliruka kama aliyechomwa sindano. "Mzee, mimi niko kwa hii kazi miaka mingi. Mtu ya biashara anakuja, anataka bastola ya kuficha kwa koti. Mtu ya mpunga kule Ahero anataka ya marisau, afukuze ndege. Tisa-tatu nitauzia nani? Kwa ndege ni kubwa, kwa koti haiingii, na kuwinda serikali ilifunga tangu sabini na saba."

"Na hata huko nje wanakowinda?"

"Hata huko! Wengine wanakimbilia ile ndogo ya mbio. Wengine wanataka ile kubwa ya ndovu, ndio wajisikie wanaume. Hii ya katikati imebaki kama mtoto wa katikati. Hakuna mtu anaiulizia kama imekula."

"Na ndiyo ilikuwa inafanya kazi," Dishon akasema. Perez alimvuta tena, hakusikia. "Ile ndogo inaenda mbio, halafu inapotelea ndani ya nyama. Ile kubwa inakuvunja bega, mpaka siku ingine unaogopa kufyatua. Tisa-tatu inakusukuma tu, kama ng'ombe ikitaka kupita kwa mlango. Inaenda pole pole, inaingia ndani kabisa. Na nyati inalala."

Dishon alisikia kiti cha Waliaula kikisogezwa.

"Mzee," Waliaula alisema, "ngoja hapo."

Funguo zikalia. Mlango mzito wa sefu ukafunguka.

"Waliaula!" Perez alipaza sauti.

"Mama, nisamehe. Siwezi." Kitu kikatua juu ya meza. "Kasha moja. Iko hapa tangu nilifungua duka. Kila mwaka nasema mwenyewe atakuja, kila mwaka hakuji. Shika, Mzee. Shika tu."

Akamwekea risasi moja kiganjani.

Vidole vya Dishon viliitambua kabla ya kichwa chake. Ule uzito. Lile bega fupi la shaba, ile pua ya mviringo isiyo na haraka. Alijikuta yuko kazini bonde la Lambwe tena, kijana, umande kwenye suruali, anaona kila jani la kila kichaka. Alitaka kuinunua. Hapo hapo, kwa moyo wake wote, alitaka kuchukua kasha zima, aende nalo nyumbani, awe Dishon yule wa matangani.

Kisha akamkumbuka Gordon. Gordon ni mtu wa mwili, mpana, mfupi wa shingo, na hutembea akiinama. Dishon alijaribu kumwona akilini amesimama kando ya ziwa jua likishazama, na kiboko amesimama pembeni yake. Alishindwa kabisa kujua yupi ni yupi.

Akaiweka risasi mezani.

"Mimi sioni," alisema.

Akatafuta bega la mkewe, akalishika.

"Macho yangu yamekufa. Ukinipa hii nitaua mtu. Mama Akinyi, nisamehe, nimekuficha. Sioni."

Alingoja Perez alie, au aseme Yesu wangu. Badala yake alisikia Waliaula akijikuna kichwa kwa aibu.

"Mama, mimi nilijaribu," Waliaula alisema. "Si ulisikia nikisema hakuna?"

"Ulijaribu nini?" Dishon aliuliza.

"Nilimpigia simu jana," Perez akasema. "Nilimwambia mzee wangu atakuja, macho yake si mazuri, aseme hakuna. Akaapa. Sasa angalia vile ameapa!"

"Sikujua atakuja mtu anaijua hivyo, Mama. Haki ya Mungu sikujua."

Dishon alianza kucheka. Alicheka kwa sababu alikuwa mwepesi, mwepesi kweli, kama mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya kulibeba njia nzima akidhani hakuna wa kumpokea. Alilipapasa kasha, akalifunga, akalisukuma upande wa mwenyewe. Waliaula alilidaka kwa mikono miwili haraka kuliko ilivyohitajika.

"Kusema ukweli, Mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudiwa na uhai, "ukibeba hii, mimi ningebaki na bastola tu. Na bastola haina hadithi."

Perez akapiga simu, akamwekea Dishon sikioni.

"Gordon, ni mimi. Sikiliza. Macho yangu haioni. Sitasimama na bunduki huko. Hii bunduki yenyewe nikirudi napeleka kituo cha polisi ikae huko. Mwambie ofisa atafute mtu mwingine."

Ikasikika sauti ya mtu mzito akikaa kwenye kiti.

"Ero kamano, Jaduong'," Gordon alisema. "Ero kamano ahinya. Wee, asante sana! Si mimi ndiye nilikuwa nisimame mbele yako na tochi? Tangu ile baraza sijamaliza chakula hata siku moja. Mke wangu anafikiria ni malaria."

"Na kiboko?"

"Ofisa alisema kama tunataka, anaweza kuleta askari wengine kutoka Homa Bay. Ni sisi tulimwambia hapana, tuko na Jaduong'. Nampigia sasa hivi."

Wakaagana na Waliaula, ambaye aliwasindikiza hadi mlangoni na kasha lake kwapani. Walishuka ngazi taratibu. Katikati Dishon akasimama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulisalimia koti yangu," Perez alisema. "Ile ya kanisa, ilikuwa kwa msumari. Ulisalimia, halafu ukauliza mbona imenuna."

"Hiyo si ni kitambo sana?"

"Ni kitambo."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema aje? Wewe uko na maneno mingi, ungenishinda. Nikaona niache tu vitu mahali iko. Msichana wetu Akinyi alitaka kuleta viti mpya, nikakataa. Stuli ya maji sijaisogeza. Meza sijaisogeza. Watu wananiita mchoyo, wanasema nyumba yangu ni ya zamani. Waseme tu."

Dishon alikaa chini, palepale kwenye ngazi ya watu. Miaka yote hiyo alikuwa na siri moja tamu aliyojifariji nayo. Nje amepotea, sawa, lakini akivuka kizingiti cha nyumba yake anatembea kama kijana, hagongi kitu, hamwagi kitu. Alikuwa ameamini kwamba nyumbani bado anaona kidogo. Kumbe mtu mwingine ndiye aliyekuwa anaona kwa niaba yake, kila siku, bila kumwambia. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Alimpapasa mkewe mpaka akaupata mkono wake, akaushika.

"Mama Akinyi," alisema baadaye, "hii hospitali ya macho iko mbali na hapa?"

"Iko hapa karibu. Niliwaambia tutafika saa nne."

"Uliwaambia lini?"

"Jana, nikimaliza na Waliaula."

"Na saa hii ni saa ngapi?"

"Saa nne imeshapita," Perez alisema. "Inuka, twende."