Mtani Aliyekataa Jogoo

Mwalimu Demetria Kalinga alikuwa na kinyongo, tena si kile cha kununiana wiki mbili halafu mkakutana kanisani yakaisha. Hiki alikilea miaka mitatu. Alikilisha kikanenepa, na kila alipopita mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa alikipigapiga mgongoni akakiambia kisubiri, siku yake inakuja.

Wanafunzi wake wa darasa la tano, kule nje kidogo ya Bunju, hawakujua habari hizo. Wao walimjua kwa kuchora. Alichora ramani ya Tanzania ubaoni bila kufungua kitabu, maziwa huku, bahari kule, mikoa yote thelathini na mmoja, kisha pembeni akachora ngazi: chini mtaa, juu yake kata, halafu wilaya, mkoa, mpaka taifa. "Nchi yetu ni kubwa na makabila ni mengi," aliwaambia, "ndiyo maana serikali haikai huko juu peke yake. Inaanzia hapa hapa mtaani kwenu." Siku hizi akifika kwenye neno hilo la mtaani, chaki ilikuwa inamkatikia mkononi.

Maana ngazi hiyo alishaipanda mwenyewe. Mumewe Gibson alipofariki, alimsafirisha kwenda kumzika kwao Tukuyu, akakaa huko mpaka arobaini. Aliporudi alikuta juu ya msingi wao, ule waliouchimba kwa mikono yao, kuna ukuta wa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa na barua. Ilisema kiwanja hakina mwenyewe, na chini yake kulikuwa na sahihi na muhuri wa Mwenyekiti wa Mtaa, Albano Komba. Albano yule yule aliyekuwa shahidi Gibson alipokinunua kiwanja! Albano aliyekula ubwabwa siku ya kumwaga zege! Hati ya mauziano alibaki nayo yeye ofisini, eti aitunze, na huko ikayeyuka.

Demetria akaenda kata. Mtendaji wa kata, Bwana Revelian, Mhaya mpole wa miwani, alimsikiliza vizuri akamwambia alete barua ya mwenyekiti wake. Akaenda wilayani, wakamwambia aanzie kata. Kata wakamwambia aanzie mtaani. Na mtaani Albano alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, akasema, "Mwalimu, mie kwa kweli kumbukumbu zangu hazinionyeshi kitu." Soda ile hakuinywa.

Basi mwaka wa tatu, mama mzazi wa Albano akafa.

Sasa, Albano ni Mngoni wa Songea na Demetria ni Mhehe wa Iringa. Mababu wa makabila hayo mawili walichinjana vitani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mngoni akifiwa, Mhehe ana ruhusa ya kuja msibani kufanya vituko, kumwiga marehemu, kuwasema wafiwa mbele ya watu, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ndivyo ilivyo, wala haikuandikwa kwenye katiba yoyote.

Habari zilipomfikia, Demetria alikaa kitako jikoni kwake akatabasamu. Mungu amsamehe, alitabasamu. Na marehemu hakuwa na kosa. Bibi Margareta alikuwa kikongwe mwenye ulimi mtamu, kila Jumapili alimpokea mlangoni mwa kanisa kwa utani wanaotupiwa Wahehe, kwa sauti ya kusikika na wote: "We mla mbwa, umekuja kusali au kuwinda?" Naye alimjibu, "Mie nasali, nyie mliomkimbia Shaka huko kwa Wazulu ndio hamjui mnakokwenda." Wakashikana mikono wakacheka. Demetria alimpenda bibi yule. Ila hakumpenda kiasi alichomchukia mwanawe.

Siku ya mazishi alivaa koti la Gibson, akafunga mto tumboni, akatia kofia, akachukua kiazi mviringo alichokikata bapa na kukipaka wino wa shule. Saa saba mchana akaingia kwenye uwanja wa msiba, tumbo mbele, mikono nyuma, akitembea kama Albano anavyotembea akikagua mitaro.

"Ofisi imefunguliwa!" akapaza sauti.

Chini ya maturubai walikuwepo Wazaramo wenye Bunju yao, Wamakonde, Wanyakyusa, Wahaya, Wachaga, wote wameinamisha vichwa. Vichwa vikainuka. Mtu akasema, "Mtani kafika!" na kicheko cha kwanza kikatoka upande wa wapishi.

Demetria akaenda moja kwa moja kwenye masufuria. "Sufuria hili halina mwenyewe!" Pa! Akamgonga mpishi muhuri wa kiazi shavuni. "Turubai hili halina mwenyewe!" Pa! Mzee mmoja akabisha kwamba turubai ni la jumuiya. "Barua iko wapi?" Demetria akamgeukia. "Huna? Rudi mtaani!" Watu wakashika mbavu. Bwana Revelian, aliyekuja kuiwakilisha kata, alinyoosha mkono mwenyewe agongwe, akacheka mpaka akavua miwani.

"Na kile kiwanja cha marehemu Gibson," Demetria akaendelea, akijipapasa tumbo, "kile nilichokuwa shahidi wake, nikala na ubwabwa wake? Mwenye nacho kafa, mkewe yuko msibani Tukuyu. Hakina mwenyewe!" Pa! Akaligonga koti lake mwenyewe kifuani.

Watu wakacheka. Albano ndiye aliyecheka kuliko wote. Alijipiga mapaja, akajifuta machozi, akasema, "Huyu mla mbwa ataniua mie leo!"

Hapo Demetria akahisi baridi ndani ya koti. Alikuja kumvua mtu nguo hadharani, na mtu mwenyewe anashangilia. Akaelewa. Kila kicheko kilikuwa kinamsafisha Albano. Jioni watu wangerudi majumbani wakisema mwalimu Demetria ana vituko, na neno la mtani halipelekwi kata wala wilayani. Amesema kweli yote mbele ya mtaa mzima, na ni kama hakusema. Hasira iliyompanda hapo ilizidi ile ya miaka mitatu.

Jeneza likatolewa ndani. Demetria akatangulia getini, akajilaza chini, kichwa nguzo hii na miguu nguzo ile. Wabebaji wakasimama. Watu hawakushtuka, maana hilo nalo ni la utani. Mtani huziba njia, mfiwa humpa chochote cha kumkomboa marehemu, mtani huinuka, na yote aliyoyasema yanaishia hapo.

Albano akaja na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, bado anatabasamu. "Haya mtani, jogoo huyu hapa. Mama apite."

"Sichukui."

"Ameona mdogo!" mtu akadakia, wakacheka tena.

"Basi na mbuzi nitaongeza," Albano akasema. "Inuka, mtani."

"Sichukui mbuzi wala ng'ombe." Demetria akakaa. Akavua kofia, akauvuta mto tumboni akautupa. "Nimemaliza kutania, Albano. Mie leo si mtani wako. Kiwanja ulichogongea muhuri ni cha nani?"

Kicheko kikafa kuanzia mbele kwenda nyuma. Wapishi ndio waliochelewa kuelewa.

"Mwalimu," Albano akasema polepole, "huu ni msiba."

"Hata mie nilikuwa msibani. Nilikuwa namzika mume wangu, na wewe unagonga muhuri."

Vijana wawili wakamwendea wamnyanyue. Flaviana, dada yake Albano, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga kiunoni, akawazuia. "Asiguswe. Mtani haondolewi kwa nguvu kwenye njia ya maiti." Kisha akamgeukia kaka yake, na uso wake haukuwa na huruma. "Kaka, kama anasema uongo, weka mkono juu ya jeneza la mama uape. Kama ni kweli, sema, mama anaungua na jua."

Albano akainua mkono. Ukaenda mpaka karibu na ubao, ukasimama hewani. Wabebaji walimtazama. Mtaa mzima ulimtazama. Mkono ukarudi.

"Ni cha Gibson," akasema kwa sauti ya chini.

"Sauti," Demetria akasema, kama anavyowaambia darasa la tano. "Wa nyuma hawakusikia."

"Ni cha Gibson! Nilijua ni cha Gibson. Hati ninayo nyumbani."

Demetria akamtafuta mtendaji wa kata kwa macho. "Bwana Revelian, umesikia? Au nirudi mtaani?"

Revelian alikuwa anajifuta wino mkononi na leso, na haukuwa unatoka. "Nimesikia, mwalimu," akasema. "Kesho asubuhi njoo kata. Barua nitaiandika mie mwenyewe."

Demetria akainuka, akajikung'uta vumbi, akasimama kando. Jeneza likapita. Alipolitazama likipita alijua bibi yule asingemsamehe, na hakumwomba msamaha.

Albano alipofika usawa wake akasimama. Alikuwa amezeeka kwa nusu saa. "Umefurahi?" akauliza.

"Sana," Demetria akamjibu. Na ilikuwa kweli. Ilikuwa tamu mpaka kwenye nyayo. Kisha akanyoosha mkono wa kuume. "Pole na msiba, Mwenyekiti."

Mtani hampi mtani pole. Pole ni ya wageni. Albano akautazama mkono ule, akaupokea, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda kumfuata mama yake. Flaviana alikuwa nyuma yake na alisikia yote. Akampa mkono na yeye, bila neno, macho chini. Nyuma ya Flaviana wakafuata wanawake wa Kingoni waliokuwa wakimzomea kwa mapenzi miaka yote hiyo sokoni na kanisani. Wakampita mmoja mmoja, wadogo wakimpa shikamoo, wakubwa wakimshukuru kwa kuja, wote kwa adabu kama ya kumsalimu mtu aliyehamia mtaani jana.