Nyundo Iliyosikika Matangani

Maneno yalinikuta kwenye kisiagi hapa Obunga, nikingoja mahindi yangu yasagwe. Jirani yangu Metrine akaniinamia sikioni.

"Mama Winny, ati msichana wako huko ziwani amefuta watu kazi kwa sababu wamekwenda kuzika?"

Nikacheka. Nikamwambia hapa kisiagini mnasaga mahindi na watu pamoja. Lakini nilipojitwika unga, maneno yale yakanifuata. Nikapika nayo, nikala nayo.

Winny ni kifungua mimba wangu. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye ana cheti cha umeneja wa miradi, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Shirika fulani lilimpa miezi mitatu ya kujaribiwa: asimamie ujenzi wa vichanja ishirini vya kukaushia omena, wale dagaa wa ziwani, katika ufuo mmoja mbele ya Kombewa, ili akina mama waache kuanika mchangani. Wakaguzi wakikuta vinatumika, anaandikwa kazi. Wasipokuta, basi.

Nikampigia simu.

"Mama, sijafuta mtu," akasema. "Lakini siku nne akina mama hawakuja kazini. Chati yangu ilikuwa nyekundu yote. Nikamleta fundi Khaemba na vijana wake kutoka mjini, wakajenga. Sasa ni kijani."

"Nani amekufa?"

"Mzee mmoja, Ondiek. Bwana wa Seline, yule mweka hazina wa akina mama."

"Umeenda kumpa pole?"

"Nilimtumia meseji."

Kesho yake nikafunga safari.

Nilichokiona kwanza ni karatasi iliyopigiliwa kwenye nguzo ya banda. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina, kwa herufi kubwa: HAYUPO. Watu wazima, wenye wajukuu. Apiyo, mwenyekiti wa akina mama, alinipa chai kwa heshima nyingi mno. Heshima ile ndiyo iliyoniogopesha.

"Boma la Seline ni lile pale," akaninyooshea kidole. Hata dakika tano hazifiki. "Tulikuwa tunamlilia Ondiek, nyundo ya mtoto wako inatuitikia. Tunalia, ko! Tunalia, ko! Hata marehemu alikuwa anahesabu misumari."

Wenzake wakacheka. Mimi nikaweka kikombe chini.

Niling'oa ile karatasi kwa mikono yangu. Winny akatoka bandani, akaniambia, "Mama, hiyo ni rekodi." Nikamshika mkono, nikamwongoza kwa Seline, Apiyo na wenzake wakitufuata nyuma, nikimfundisha njiani kama mtoto wa chekechea.

"Nyathina, mwanangu, ukifika usitaje kazi. Keti chini na wenzako. Ukipewa chakula, kula. Ukikosa la kusema, nyamaza."

"Sawa, Mama."

Seline alikuwa kwenye mkeka. Kwa kuwa Winny ni mgeni, akaletewa kiti, na yeye akakikalia. Nikamvuta gauni, akadhani nataka nafasi, akasogea kidogo palepale juu ya kiti. Lakini pole alisema vizuri. Seline akamshika mkono, akamwambia, "Asante umekuja." Nikaona mabega ya Apiyo yanashuka, na mimi nikaanza kupumua.

Kisha tukanyamaza. Mnajua kule kunyamaza kwa matanga, mtu anakaa tu na mwenzake. Mtoto wangu hakukuweza. Nilimwona akihangaika. Mkono ukaingia kwenye mkoba, simu ikatoka. Nikataka kupiga kelele. Mwanamke hapigi kelele ya namna hiyo katika boma la watu.

"Poleni tena," akasema. "Sasa, nikiandika kwamba mtarudi Jumatatu, itakuwa sawa?"

Seline akatazama mkeka. Hakuna aliyemkemea. Ni Apiyo tu aliyejibu, polepole:

"Andika, Meneja. Kalamu si ni yako?"

Jumatatu hawakuja. Siku ya ukaguzi, Ijumaa, walikuja wote. Vichanja ishirini vilisimama wima, waya unang'aa, na juu yake hapakuwa na omena hata mmoja. Chini, kwenye nyavu kuukuu, omena walikuwa wametandazwa mpaka karibu na maji.

Mkaguzi akauliza kwa nini. Apiyo akakisogelea kichanja, kikampita kimo. Akanyoosha mkono, vidole vikaishia ukingoni.

"Ni vizuri sana," akasema. "Vya kuangalia."

"Hamkupimwa urefu kabla ya kujenga?"

"Siku ya kupima, sisi tulikuwa wapi? Muulize Meneja. Yeye aliandika."

Winny akasogea, akakigusa kichanja ukingoni. Mimi nilikuwa nimerudi siku ile, nimesimama nyuma yake.

Sasa yuko hapa Obunga, wiki ya tatu. Hajanilaumu. Siku moja tu, tukichambua mboga, aliuliza, "Mama, wewe ulijuaje mambo ya kukaa pale?" Nikasema nilijua tu. Ilikuwa uongo. Nilijua kwa kwenda. Tangu utoto wake kila matanga nilikwenda peke yangu, yeye nikamfungia ndani na vitabu. "Soma," nilikuwa nikimwambia, "mimi nitalia kwa watu kwa niaba yako." Matanga kumi na sita, kumi na saba, yote nililia badala yake. Yeye hakukaa hata kwenye moja.

Ninaandika haya kwa mama mwenye mtoto anayesoma. Kwangu sijui kama bado kuna la kurekebisha. Wewe epuka haya:

Usimfungie mtoto nyumbani watu wanapolia.

Asipige nyundo karibu na matanga.

Asitume meseji mahali pa kwenda kwa miguu.

Asikalie kiti wenye msiba wakiwa chini.

Asitoe simu watu wakinyamaza.

Asibandike majina ya watu wazima kwenye nguzo.

Asijenge kitu cha mtu kabla ya kumsimamisha mtu huyo na kumpima mkono.

Na wewe mama, usingoje kusikia kwenye kisiagi.