Swali la Mtumbwi

Mto Nyamugasani uliingia shambani kwa Syahuka mwaka 2013 bila kubisha hodi, ukakaa humo miaka miwili, kisha ukarudi kwao na kumwachia mawe. Mahindi hayaoti juu ya mawe, lakini mawe yana wanunuzi. Kampuni moja ya kokoto ikaja na karatasi: hapo ni mkondo wa mto, mkondo ni wa serikali, na serikali imeshawakodishia. Syahuka alikuwa ameacha shule darasa la pili, na katika karatasi ile alielewa jambo moja tu. Ekari mbili alizolima na marehemu mkewe, Ithungu, zilikuwa zinakwenda na malori. Na upande wa juu alikuwa ameshaokota mawe kwa mikono yake, akapanda maharage, nayo yalikuwa yameanza kutoa maua.

Siku ya ukaguzi, Kule, chemani, yaani mwenyekiti wa kijiji, alimvuta kando kabla wageni hawajafika.

"Mzee, sikia. Kila kitu iko kwa swali moja. Wataulizia kama mtumbwi inaweza kupita hapa. Mto ya mtumbwi ni ya serikali, pamoja na chini yake yote. Mto ya kuvuka na miguu, shamba inabaki yako. Wewe sema hakuna mtumbwi imewahi kupita."

"Na mujinga gani atapitisha mtumbwi kwa mawe?"

"Sema hivyo hivyo, halafu ufunge mdomo. Wewe ukianza kuongea, mdomo inafunguka mpaka Kampala."

Atwine, ofisa wa ardhi, alifika saa sita na viatu vinavyong'aa, akiyumbayumba juu ya mawe kama ndama aliyezaliwa jana. Nyuma yake alikuja askari polisi, Ojok, amembebea faili.

"Mzee Syahuka. Mtumbwi imewahi kupita hapa?"

"Hapana."

Atwine akafungua faili, akatoa karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la shule. Syahuka aliitambua kabla haijakunjuliwa. Alikuwa amepeleka barua nne kwa wakubwa, zote kwa mkono wa mwalimu wa kijiji: tatu za kuomba daraja la magogo litengenezwe, na ya nne ya kuwaambia kwamba Ithungu ameshakufa. Hakuna aliyemjibu.

Atwine akasoma: "'Kwa kuwa mlikataa kututengenezea daraja, nalo likachukuliwa na maji, mke wangu Ithungu alivushwa kwa mtumbwi akiwa mahututi.' Hii ni yako?"

Kwanza Syahuka alifurahi, Mungu amsamehe. "Kumbe ilifika!"

"Ilifika. Iko na mhuri."

"Ilifika, na mukanyamaza? Nililia daraja mpaka nikachoka, hamkunijibu hata na matusi. Mulilala juu ya barua yangu, leo mumeiamsha ije kunifunga?"

"Mzee, jibu swali!" Ojok akafoka. "Hapana hotuba!"

"Najibu, afande. Ilikuwa mtumbwi ya Mugisha, mvuvi wa Hamukungu. Alikuwa anaipeleka Katwe kuuza, imefungwa juu ya pikapu, maji ikamufungia njia. Tukamulaza Ithungu ndani, hapa hapa shambani, tukasukuma. Hatua kumi na tano tu, ikakwama kwa mawe. Tukaiinua watu sita, yeye ndani, tukavuka nayo kwa mabega, tunaanguka, tunaamka. Andika hivyo, mukubwa. Mtumbwi haikutubeba. Sisi ndio tulibeba mtumbwi. Na barabara ya kwenda hospitali Bwera hakuiona, alikufa kabla."

Atwine alikuna shingo kwa kalamu. "Fomu inauliza ilivuka ama haikuvuka."

"Ilivuka kwa mabega."

"Hakuna nafasi ya mabega hapa, mzee." Akashusha sauti. "Mimi si adui yako. Sema barua ilikosea. Sema ilikuwa uchungu ya msiba. Naandika hapana, tunaenda nyumbani."

Kule alimkanyaga mguu. "Sema!"

Neno moja tu, na angevuna maharage yake. Syahuka alilifikisha mpaka ulimini. Lakini katika ofisi zote za wakubwa hao, hapakuwa na karatasi nyingine iliyosema Ithungu alikufaje. Akisema ni ya uongo, basi nao walikuwa sahihi siku zote: daraja halikuhitajika, na hakuna aliyekufa kwa kulikosa.

"Barua ni kweli," akasema.

Atwine akatia alama, akamsogezea wino. Syahuka akabandika dole gumba.

"Na daraja?"

"Hiyo ni idara ya barabara. Sisi ni ardhi."

Kule alitema mate. "Umewapa shamba na mdomo wako mwenyewe!"

"Wangeichukua tu. Dua la kuku linampata mwewe wapi? Lakini hawataichukua pamoja na mke wangu."

Akapanda upande wa juu, akainama, akaanza kung'oa maharage, mche baada ya mche, na maua yake.

"Mzee, wacha! Hiyo sasa iko ya serikali!" Ojok akapiga kelele.

Syahuka hakugeuka. Alikuwa amefika mstari wa pili.