Ufunguo wa Kabati la Karatasi

Saa nne asubuhi hakuna hata shati moja lililokuwa limekatwa. Kitambaa cha sare za shule kilikuwa kimetandazwa mezani tangu saa moja, tabaka juu ya tabaka, na mkataji, ambaye wenzake walimwita Mama Mkasi, alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani. Alihitaji karatasi ya kukatia kola, yenye mchoro wa kufuatisha mkasi. Karatasi ilikuwa kabatini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, mtoto wa kaka yake, ambaye Mama Mkasi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Karatasi zote alizichora Mama Mkasi, kwa miaka kumi na minane. Mwanzoni kijana huyo alisema panya watazila, akaleta kabati, na shangazi akamwombea dua. Baadaye akatia kufuli, kwa ajili ya wezi. Kisha likaja daftari: anayetaka karatasi aandike, asubiri. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila hatua Mama Mkasi aliitikia, "Sawa, baba."

"Shangazi, umeandika?"

"Tangu saa moja, baba."

"Basi subiri. Hapa si jikoni kwako."

Mshonaji mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Kola hii naweza kuikata hata macho yamefumbwa."

"Gusa huo mkasi, nami nikuandikie barua ya onyo. Kitambaa si cha baba yako."

"Baba yangu ni babu yako."

"Ndiyo maana nakuvumilia."

Mwenye karakana aliingia. Wiki hiyo alikuwa akiamua nani aondolewe kwenye meza ya kukatia.

"Mama, kila nikipita nakukuta umekaa."

Mama Mkasi alifungua kinywa.

"Umri, bosi," msimamizi alimtangulia. "Lakini ni damu yangu. Mwache mpaka Ijumaa, nitamsukumasukuma."

"Una moyo, kijana. Wengine wangekwisha kumtimua. Mama, umesikia? Mshukuru mwanao."

Mama Mkasi alilitazama kabati. Akasimama, akajishika mezani.

"Ahsante."

"Sijasikia, shangazi," msimamizi alisema kwa upole. "Cherehani zina kelele."

Msimamizi hakumwamuru mtu. Hata hivyo mshonaji wa kwanza aliondoa mguu kwenye pedeli, wa pili akafuata, mpaka safu zote nne za cherehani zikanyamaza, ili Mama Mkasi asikike.