Kaburi Lisilogongewa Kengele

Babu yangu, mzee Yonathani, alizikwa hapa Ibaba kwa kwaya tatu na kengele iliyogongwa mpaka masikio yakachoka. Mchungaji alisimulia maisha yake marefu: alivyofyatua matofali ya kanisa kwa mikono yake, alivyoshika uzee wa kanisa tangu ujana, alivyolea yatima bila kubagua. Yote kweli. Watu walilia, nami nililia, maana nilimpenda. Ila hakuna aliyemtaja Ruti, binti yake, mama yangu mzazi.

Biashara ziliporuhusiwa, baba alikwenda Tunduma kutafuta maisha. Akavuka upande wa Zambia, na huko maisha yakamnogea moja kwa moja. Nyumbani wakaja wanunuzi binafsi na bei yao ya kahawa, bei ya kumtukana mkulima. Mama akaanza kupika pombe ya ulezi ili nisome. Kanisa likamtenga, na aliyesimama kutangaza hilo ni babu mwenyewe, bila sauti kutetereka.

Mwaka 1996 mama alikufa kwa homa kabla hajatubu. Aliyetengwa hazikwi na kanisa: hakuna mchungaji, hakuna wimbo, kengele haigongwi. Wazee wenzake babu wa kanisa walikuwa tayari kufumba macho, babu akakataa. "Sheria haina mtoto," alisema. Tukamzika pembeni ya shamba, kimya, kama watu wanaoficha kitu cha wizi.

Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu kwake: asimame pale kaburini, amsomee mwanawe sala ya maziko. Kila nilipomwomba alinijibu kwa utani wa babu na mjukuu. "Mke wangu, yaliyopita si ndwele." Kwake ilikuwa rahisi kusema. Si yeye aliyelala pembeni ya shamba.

Kisha uzee ukamla akili. Akaacha kuniita mke wangu, akaniita Ruti. "Ruti, umekula? Kesho ibada, usichelewe." Nilimpikia, nikamwogesha, nikaitika. Lakini moyoni nilichemka. Asiyekumbuka kosa atalijutia vipi?

Asubuhi moja, akiwa bado anaweza kutembea, nilimshika mkono nikampeleka. Magugu yalikuwa yamelimeza kaburi.

"Nani kalala hapa?" aliuliza.

"Ni Ruti, babu. Alikufa."

Alinitazama usoni muda mrefu, akaona kwamba mimi siye. Akapiga magoti, akalia kama aliyeletewa taarifa saa ile, na kwake ilikuwa saa ile kweli. Nikadhani Mungu amenisikia.

"Kwaya iliimba nini?"

"Haikuja, babu."

"Kengele?"

"Haikugongwa. Alikuwa ametengwa."

"Mwanangu akafukiwa hivihivi? Nani alikataa?"

Jina lilikuwa mdomoni mwangu. Nililibeba miaka yote hiyo, na mwenye jina alikuwa amepiga magoti mbele yangu, kamasi zinamtoka. Nilishindwa. Nikasema ni mambo ya zamani.

Alivua kofia, akafumba macho, akaomba kwa sauti ileile ya madhabahuni. "Bwana, mpokee mwanangu Ruti, umpe raha yako ya milele." Machozi yalinitoka. Ndilo neno nililolingoja. Lakini hakuishia hapo. "Na huyo aliyemnyima maziko, Bwana, naye akataliwe mlangoni kwako. Abishe, asifunguliwe."

Akangoja niitikie. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ombi lisiloitikiwa halijapanda mbinguni.

"Sema amina, mwanangu."

Nikiitikia, nimemfungia babu yangu mlango kwa mdomo wangu. Nisipoitikia, mama anabaki vilevile, mtu asiyeombewa. Alinisubiri, macho ameyafumba, magoti ndani ya matope, na mimi nilitamani mmoja wetu afe palepale.

Mwishowe nilimwinua, nikamfuta matope, tukarudi nyumbani. Wiki haikuisha, akafariki. Mpaka leo sijaitikia.